Biashara ya Utalii: Kuiendesha na Familia au na Wabia wa Nje?

Tuchukue mtu mwenye wazo lililokwisha kuiva: nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, kampuni ya kuongoza watalii yenye magari matatu, au boti ya kuwapeleka wageni kutazama nyangumi. Soko analifahamu, mahali amekwisha kupaona, na kilichobaki ni kuamua ataifanya kazi hiyo na nani. Upande mmoja wako mwenzi wake, ndugu, watoto wakubwa na huenda shemeji mwenye kiwanja. Upande wa pili wako wabia wasio wa damu, watakaoweka fedha zao kwa mkataba na kutarajia kuzipata zikiwa zimeongezeka.

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kupima tabia. Husema familia yetu inaelewana, kwa hiyo tutafanya wenyewe. Au husema ndugu zangu nawajua, heri nishirikiane na mtu wa mbali. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu familia inayoelewana mezani bado haijajaribiwa na ankara ya umeme ya mwezi usio na mgeni hata mmoja, na mbia anayeonekana mwaminifu siku ya kutia saini hajajaribiwa na mwaka wa pili usio na gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa. Kwa maoni yangu maswali yenye uzito ni mawili: nani atabeba msimu mbaya, na mtu akitaka kutoka atatokaje.

Nani hubeba msimu mbaya

Bidhaa ya utalii ina sifa moja inayoitofautisha na nguo au saruji: haiwekwi stoo. Chumba kisicholaliwa usiku wa leo hakiuzwi kesho pamoja na cha kesho, na kiti kilichokwenda kitupu ndani ya boti kimepotea moja kwa moja. Gharama nyingi, kinyume chake, hazijui msimu. Kodi ya pango, riba ya mkopo, bima, ulinzi na matengenezo huendelea hata kama lango halijafunguliwa wiki nzima. Ndiyo maana uhai wa biashara hii huamuliwa na miezi yake mibaya kuliko mizuri.

Hapa familia ina nguvu ambayo kampuni ya wabia haiwezi kuinunua. Wageni wakifurika, wote huamka alfajiri na hakuna anayehesabu saa za ziada. Wageni wakiadimika, mmoja hurudi kufundisha, mwingine hushika kazi ya kuandika vitabu vya hesabu kwingineko, na hakuna anayedai mshahara wa mwezi ambao haukuingiza kitu. Mwaka 2020, idadi ya watalii wa kimataifa iliposhuka kwa zaidi ya asilimia 70 ikilinganishwa na mwaka 2019, tofauti hii ilionekana waziwazi. Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi kwa njia ya mtandao iliyoanzishwa mwaka 2008 na kukuzwa kwa fedha za wawekezaji, ilikopa mabilioni ya dola mwezi Aprili, na mwezi Mei ikawaachisha kazi watu wapatao 1,900, yaani karibu robo ya wafanyakazi wake. Kaya yenye vyumba vitano haikuweza kukopa kiasi hicho wala haikuwa na wa kumwachisha kazi. Ilifunga vyumba, ikabana matumizi na kungoja. Kila njia ilikuwa na sharti lake. Ya kwanza ilihitaji wakopeshaji walio tayari kuamini kwamba safari zitarudi, na ya pili ilihitaji kipato kingine nje ya utalii. Familia ambayo watu wake wote wazima wamehamia katika biashara hiyohiyo imejinyang'anya kinga yake yenyewe, na kwa kawaida hugundua hivyo ikiwa imechelewa.

Nguvu hiyo ina bei iliyofichika. Tuseme watu wanne wa nyumba moja hufanya kazi saa 10 kwa siku katika msimu wa siku 120. Hizo ni saa 4,800. Msimu ukiisha, wakishalipa chakula, umeme na mkopo, kilichobaki hukiita faida na kukifurahia, ila wakikigawa kwa 4,800 huenda wakakuta kila saa imelipwa chini ya ujira wa mtu wa nje aliyeajiriwa kufua mashuka. Biashara ya namna hiyo haijapata faida. Imelipa mishahara midogo na kuipa jina lingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tunaweza kuongeza kwamba hata daftari lenyewe hudanganya likikosa safu ya kazi za watu wa nyumbani. Madhara hayaishii kitabuni, kwa kuwa bei ya chumba hupangwa juu ya gharama hiyo pungufu, na siku binti mkubwa anapopata kazi kwingine na nafasi yake kuchukuliwa na mtu wa kulipwa, bei ileile haitoshi tena, wakati wageni na mawakala wamekwisha kuizoea.

Katika kampuni ya wabia kosa hili ni gumu kutokea, maana kila anayefanya kazi ana mshahara ulioandikwa, na mbia asiyefanya kazi hatakubali mwenzake ajilipe bila kuonyesha hesabu. Ukali huo ndio faida yake kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko fedha zinazoletwa. Kasoro yake ni kwamba mshahara ulioandikwa hudaiwa hata katika mwezi wa ukame, kwa hiyo kampuni ya aina hii haina budi kuingia katika msimu mbaya ikiwa na akiba ya miezi kadhaa, iliyotengwa kabla ya gawio lolote kutolewa. Mbia anayelikataa sharti hilo mwanzoni amekwisha kukueleza atakavyofanya wageni wakipungua.

Mtaji na subira yake

Fedha ya familia haina tarehe ya kurudi, na katika utalii hilo ni jambo kubwa, kwa sababu jina la mahali pa kulala hujengwa kwa miaka: mgeni wa kwanza humwambia wa pili, wakala huanza kuamini, tathmini za mtandaoni hujikusanya moja moja. Mjomba aliyekopesha hukasirika, lakini hapeleki ankara kila robo mwaka.

Tatizo ni kwamba fedha hiyo kwa kawaida imefungwa katika paa. Benki hutaka dhamana, na dhamana ya familia ni nyumba, ambayo katika malazi mara nyingi ndiyo hiyohiyo wanamolala wageni. Biashara ikianguka, watu hupoteza kazi, akiba na makazi kwa mpigo mmoja. Kusajili kampuni yenye dhima yenye ukomo, ambayo mwenye hisa hadaiwi zaidi ya alichoweka, hupunguza hatari hii kwenye karatasi, lakini mkopeshaji anayeijua kazi yake atadai dhamana binafsi ya mwenye nyumba, na kinga hiyo huondoka palepale.

Wabia wa nje huleta mtaji usiogusa paa la mtu, na wakati mwingine huleta njia ya kukua ambayo familia isingeifikiria. Kemmons Wilson alifungua hoteli ya kwanza ya Holiday Inn mjini Memphis mwaka 1952, baada ya safari na familia yake iliyomuudhi kwa malazi mabovu na kwa malipo ya ziada yaliyodaiwa kwa kila mtoto. Wazo lilizaliwa safarini pamoja na watoto, ila halikukua kwa fedha ya nyumbani. Alishirikiana na mjenzi mwenzake, Wallace Johnson, na wakauza haki ya kutumia jina na viwango vyao kwa watu waliojenga kwa mitaji yao wenyewe. Kwa fedha za ukoo peke yake, hoteli hizo zingechukua vizazi kufika zilikofika.

Gharama ya mtaji huo ni saa inayohesabu. Mwekezaji wa hisa huuliza atatoka lini kabla hajauliza utaanza lini, na kutoka kwake humaanisha hisa zake zinunuliwe na mtu mwingine au biashara nzima iuzwe. Mtu aliyeanzisha nyumba ya wageni kwa sababu anapenda kuishi mahali hapo hapaswi kuchukua fedha ambazo lazima zirudi kwa kupauza mahali hapohapo.

Malazi na usafiri si kazi moja

Mazungumzo mengi juu ya utalii huweka kila kitu katika kapu moja, na hapo ushauri huharibika. Kwa malazi madogo, familia ina faida ambayo ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Mgeni anayefikia katika vyumba sita vya mwenye nyumba hakununua kitanda peke yake. Amenunua pia kukaribishwa na mtu anayeweza kuamua papo hapo kubadilisha chumba, kuchelewesha chakula au kumsamehe ada ya saa mbili alizozidisha. Methali hutuambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mwenye nyumba ya wageni hutumaini hasa ile siku ya tatu, na ya nne, kwa kuwa ndizo zisizomgharimu matangazo mapya. Majukwaa ya mtandaoni ya kuhifadhi nafasi hukata kamisheni ambayo mara nyingi huzunguka asilimia 15 ya bei, na mgeni anayerudi kwa kupiga simu moja kwa moja kwa sababu anamkumbuka mwenyeji wake kwa jina huiokoa asilimia hiyo yote. Meneja wa kampuni anayehamishwa kila baada ya miaka miwili hawezi kukumbukwa hivyo.

Faida hiyo hulipiwa na faragha. Wanaoishi na wageni wao hula wakisikilizwa, hugombana kwa kunong'ona, na watoto wao hujifunza mapema kwamba sebule si yao wakati wa likizo. Anayedhani hili ni dogo ajaribu kwa msimu mmoja kabla hajachukua mkopo wa miaka kumi.

Usafiri na uongozaji wa wageni una sura nyingine kabisa. Magari, boti na vifaa vya kupiga mbizi huchakaa kwa ratiba, na asiyetenga fedha ya uchakavu kila mwezi hujikuta mwaka wa tano ana biashara yenye sifa nzuri na injini mbovu. Leseni, bima ya abiria na vyeti vya wafanyakazi hukaguliwa bila kuangalia undugu. Zaidi ya hayo, usalama wa mgeni humtegemea mtu mmoja aliye kwenye usukani au chini ya maji, na ujuzi huo haurithiwi. Kaka asiyejua kuendesha katika barabara mbovu hawezi kufanywa dereva kwa sababu ni kaka, na ikiwa ndiye mwenye theluthi ya umiliki, nani atamwambia? Katika shughuli za namna hii ningemshauri mtu aelekee kwa wabia, akichagua walau mmoja anayeijua kazi yenyewe, si fedha tu.

Kampuni za kupanga safari, ambazo hazina magari wala vyumba bali huunganisha vya wengine, zinaweza kwenda upande wowote. Kinachohitajika huko ni fedha ya kuzungusha kati ya amana ya mgeni na malipo ya hoteli, pamoja na nidhamu ya kutoigusa amana hiyo kabla ya safari kufanyika. Mahali ambapo daftari la biashara na pochi ya nyumbani vimechanganyika, amana za wageni ndizo huliwa kwanza.

Ugomvi ukitokea

Thomas Cook aliandaa safari yake ya kwanza ya pamoja tarehe 5 Julai 1841, akiwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough kuhudhuria mkutano wa kupinga ulevi. Mwanawe, John Mason Cook, alipoingia katika uongozi alitaka biashara iendeshwe kama biashara, wakati baba aliiona pia kuwa chombo cha imani na wema kwa jamii. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mzee alijiondoa katika kampuni iliyobeba jina lake. Hakuna aliyekuwa mwizi wala mvivu. Kila mmoja alikuwa na picha yake ya biashara hiyo ni ya nini, na hapakuwa na mahali pa kuzilinganisha picha hizo isipokuwa ndani ya uhusiano wa baba na mwana.

Wasomi wawili wa Harvard, Renato Tagiuri na John Davis, waliuchora mkanganyiko huu kwa duara tatu zinazopandana: familia, umiliki na usimamizi. Mtu mmoja anaweza kuwa mwana asiye na hisa lakini anafanya kazi, mwingine ana hisa lakini anaishi mbali na hafanyi kazi, na mkwe anaweza kuwa ndiye meneja hodari bila kuwa na haki yoyote ya kura. Wanapokaa mezani kuzungumzia kununua boti mpya, kila mmoja husema kutoka katika duara lake na kudhani wengine wanaona kama yeye. Dawa yake si mapenzi zaidi. Ni kutenganisha vikao, kikao cha wenye hisa kikiwa na siku yake na cha wafanyakazi kikiwa na yake, hata kama watakaohudhuria ni walewale.

Wabia wa nje wana mkataba, na mkataba huwapa pa kuanzia wanapotofautiana. Wasijidanganye hata hivyo kwamba karatasi ni kinga ya kila kitu. Mgawanyo wa hisa wa nusu kwa nusu, unaopendwa kwa sababu unaonekana wa haki, huzaa kampuni isiyoweza kuamua lolote siku wawili hao wasipokubaliana, na fahali wawili hawakai zizi moja. Nafuu ni mmoja awe na hisa zaidi kidogo, au mtu wa tatu anayeaminiwa na wote apewe kura ya kuamua.

Kutoka na kurithisha

Japani kuna nyumba mbili za wageni za maji moto zinazotajwa kila mara linapozungumzwa suala la ukoo na utalii: Nishiyama Onsen Keiunkan, ambayo kwa mapokeo yake ilianzishwa mwaka 705 na inatambuliwa na Guinness kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani, na Hoshi, ya mwaka 718. Husimuliwa kama ushahidi wa nguvu ya damu. Ukizitazama kwa makini, zinaeleza jambo lingine. Familia za kibiashara za Japani kwa karne nyingi zimekuwa na desturi ya kumchukua mkwe mwenye uwezo, kumpa jina la ukoo na kumfanya mrithi, pale ambapo hakuna mwana anayefaa. Keiunkan yenyewe, baada ya vizazi 52, ilimkabidhi uongozi mwaka 2017 mfanyakazi wake wa siku nyingi asiye wa ukoo, kwa kuwa hakukuwa na ndugu wa kuupokea. Kilichodumu ni nyumba, na ilidumu kwa sababu wahusika walikubali kwamba mrithi hutafutwa, hazaliwi tu.

Familia ya Marriott ilifika hapo kwa njia yake. J. Willard na Alice Marriott walianza mwaka 1927 na kibanda cha vinywaji mjini Washington, wakafungua hoteli yao ya kwanza miaka 30 baadaye, na mwaka 2012 Arne Sorenson akawa mtendaji mkuu wa kwanza asiye wa familia, huku familia ikibaki na hisa na viti katika bodi. Wajukuu wa Thomas Cook, kwa upande wao, waliiuza kampuni mwaka 1928 kwa kampuni ya mabehewa ya kulala ya Wagons-Lits. Jina lilipita mikononi mwa wamiliki wengi baada ya hapo, hadi lilipoanguka kwa mzigo wa madeni mwezi Septemba 2019. Kuuza si kushindwa. Wajukuu wale walitoka na fedha zao wakati wa heri, jambo ambalo warithi wengi wang'ang'anizi hawakulipata.

Kwa mwenye biashara ndogo, somo la majina haya makubwa hukaa mahali padogo sana. Katika biashara ya familia, kutoka hakuna bei. Dada anayetaka sehemu yake akaanze maisha kwingine huambiwa asubiri, kwa sababu sehemu yake ni chumba namba nne na nusu ya jiko, na hakuna anayeweza kumkatia. Talaka na kifo huleta swali hilohilo kwa ghafla zaidi, na sheria za mirithi zinaweza kugawa jengo kwa watu ambao hawajawahi kutandika kitanda hata kimoja. Katika kampuni ya wabia, hisa ina bei au walau njia ya kuitafuta, kwa hiyo mtu hutoka bila kubomoa ukuta. Ubaya ni kwamba urahisi huo hutumika pia na mbia anayekimbia mapema, mwaka mmoja kabla matunda hayajaiva.

Chagua lipi, basi? Kwa vyumba visivyozidi kumi, katika nyumba isiyo na mkopo mkubwa, na ambapo walau mtu mzima mmoja ana kipato nje ya utalii, familia ni chaguo bora na sioni sababu ya kutafuta wabia. Kwa magari, boti na shughuli zenye hatari kwa mwili wa mgeni, wabia wenye ujuzi ni salama zaidi, hata kama familia ina fedha ya kutosha. Kwa hoteli yenye vyumba makumi, swali la undugu hubaki kwa wenye hisa peke yao, maana jengo la ukubwa huo litaendeshwa na wafanyakazi wa kuajiriwa kwa vyovyote vile. Na kama familia ina deni kubwa, haina kipato cha pembeni, na wote wanategemea msimu mmoja, afadhali wazo lisubiri.

Wale wanaochagua familia wanaweza kuazima kutoka upande wa pili kile kilicho bora kwake, yaani kampuni iliyosajiliwa, mshahara ulioandikwa kwa kila anayefanya kazi, hata kama hautalipwa wote mwaka wa kwanza, na makubaliano ya maandishi, yaliyotiwa saini kabla ya kununua godoro la kwanza, yanayoeleza sehemu ya anayetoka itathaminiwa na nani na italipwa kwa awamu ngapi. Awamu hizo zipangwe ziangukie mwezi unaofuata msimu wa wageni, wakati fedha ipo, si miezi ile ambayo kila aliyebaki anaangalia lango.